Vipimo Alivyoacha Ouma

Sahra alinipigia simu asubuhi nikiwa sokoni nachagua nyanya. Hakulia. Alisema tu, akimtaja mama yake kwa neno lao, "Anti, hooyo ametangulia. Tumemzika jana alasiri." Muuzaji akaendelea kunijazia mfuko, nami nikaendelea kumwonyesha kwa kidole zipi aziache, kana kwamba mkono haukuwa umesikia kile ambacho sikio lilisikia. Kesho yake nilipanda basi la Garissa. Niliwakuta wanawake wameketi kwenye mikeka ndani ya ua ule ule, ingawa siku hizi umezungushiwa ukuta wa mawe badala ya miti ya miiba, na jiko limehamishwa upande wa pili. Msichana aliyekuwa akigawa chai aliniuliza kwa upole nilimjuaje marehemu. "Nilikuwa mpangaji wake," nikamjibu. Akaitikia kwa kichwa, akanijazia kikombe. Jibu lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa dogo mno. Ni katika ua huo nilikoitwa mke wa mtu kwa mara ya kwanza, na aliyeniita hivyo ndiye tuliyekuwa tumekuja kumlilia. Nilikaa pale hadi jioni nikisikiliza Kisomali ambacho sasa nimekisahau karibu chote, na mwaka wote ule ukanirudia, bila mpangilio, jinsi maumivu ya zamani yanavyorudi.

Nilifika Garissa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, kuwa mchoraji katika karakana iliyotengeneza baiskeli za magurudumu matatu kwa watu wasioweza kutembea, zile zinazoendeshwa kwa mikono. Karakana yenyewe ilikuwa banda refu la mabati. Upande mmoja mafundi walikata na kuchomelea mabomba, na upande wa pili, nyuma ya ukuta wa mbao, kulikuwa na chumba kidogo chenye feni, meza mbili, na kompyuta moja tu, iliyofunikwa shuka kila jioni kwa sababu ya vumbi. Aliyeijua kompyuta hiyo alikuwa Ouma. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na mashine kama anavyozungumza na mtoto mkaidi. Siku yangu ya kwanza alinivutia kiti karibu, akanionyesha baiskeli nzima kwenye skrini, imechorwa kipande kwa kipande, kisha vipande vikaunganishwa. "Kule chuoni mlichora kila kitu upya, sivyo?" akaniuliza. "Hapa unachora mara moja. Vipimo vinajuana. Ukiambia kiti kiwe kipana, ekseli inasikia, inajirefusha yenyewe." Alinionyesha milinganyo aliyoiandika: kipimo hiki ni kile, jumlisha kiasi fulani, kile nacho kinatokana na kingine. Kipimo chenye mlinganyo kilikuwa na alama ndogo nyekundu pembeni. "Chenye alama usikiguse," alisema. "Ukiandika namba yako kitakataa, maana kinamsikiliza mwingine. Ukitaka kibadilike, mtafute huyo anayekiamuru." Nilimuuliza nani anawaamuru wote. Akainua mkono wake, akaunyoosha mbele yangu. "Huu. Mkono wa mwenye baiskeli. Tunapima kutoka begani mpaka ngumini. Hapo ndipo kila kitu kinapoanzia."

Nimefanya kazi na wahandisi wengi tangu wakati ule, wengine wamesoma nchi za mbali, na sijawahi kumsikia mmoja akieleza kazi yetu vizuri hivyo. Lakini sidanganyiki. Huenda alieleza kama wengine tu, na ni mimi niliyekuwa nimeshaanza kumsikiliza kwa sikio jingine.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya hoteli ya Mama Sahra, hoteli kwa maana yetu ya Kenya: mabenchi, jiko, na birika lisilopoa. Pazia la kitambaa cha maua liligawa wanaume na wanawake. Mchana karakana yote ilikuja kula pale, wali kwa nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni, ndizi ambayo mwanzoni nilidhani ni ya baadaye, mpaka Mama Sahra aliponiona nimeiacha akaja amejishika kiuno, akaniita dada kwa Kisomali. "Abaayo, hii ndizi nakula bamoja na wali. Wewe nafanya nini? Nangoja Krismasi?" Upande wa pili wa pazia nilimsikia Ouma akicheka. Baada ya hapo ikawa desturi: yeye akikaa karibu na pazia upande wake, mimi karibu na pazia upande wangu, tukizungumza bila kuonana, sahani zetu zikiwa zimeachana hatua moja tu. Nadhani nilimpenda kwa sauti kabla ya sura, ingawa sura nilikuwa naiona siku nzima kazini. Pale nyuma ya pazia alisema mambo ambayo mezani kwake hakuyasema. Alinieleza anavyoogopa maji ya mto. Alinieleza kwamba akilala mchana huota anachelewa mtihani. Siku moja, katikati ya kelele za birika na wanaume wanaobishana bei ya ngamia, alisema kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi, "Mueni, Desemba nikupeleke nyumbani ukamwone mama?" Mama Sahra, aliyekuwa akipita na sufuria, ndiye aliyejibu: "Nakubali. Omar, nakubali, mimi naona uso yake." Alimwita Omar tangu mwanzo. Ouma, Omar, alisema ni moja tu.

Hatukumwambia mtu mwingine. Mradi uliomiliki karakana haukuruhusu wafanyakazi wawili wa ofisi moja kuoana. Mmoja angehamishwa, na tulitaka kumaliza mwaka pamoja kwanza. Kwetu hawakujua, kwao hawakujua. Tuliona ni siri ndogo ya miezi michache, ya kuchekelea. Sikujua kuwa mtu akifa ndani ya siri, siri hiyo hugeuka kuwa nyumba, nawe ukabaki ndani peke yako.

Mvua za mwaka ule zilinyesha kupita kiasi. Barabara zilikatika, na bei ya unga ikapanda kila wiki. Kulipokuwa na unafuu wa siku chache, meneja aliamua gari liende El Wak, mbali kaskazini, kupima watu waliokuwa wakisubiri tangu mwaka uliotangulia. Ouma ndiye aliyekuwa aende. Asubuhi ya kuondoka alikuwa kwenye kompyuta bado, akibadilisha milinganyo. Watu wa El Wak, alisema, wanaishi kwenye mchanga, wanahitaji magurudumu makubwa, kwa hiyo alitaka kujaribu kuanzia kwenye gurudumu badala ya mkono. Dereva akapiga honi. Ouma akaandika kitu kimoja zaidi, akahifadhi, akasimama. "Usiifungue mpaka nirudi," akaniambia. "Nimeiacha imechanika katikati." Mafundi walikuwa mlangoni, kwa hiyo tulipeana mikono tu, kama watu wa ofisi.

Walifika El Wak salama, wakapima watu wao, wakaanza kurudi. Mvua ilinyesha mahali pa mbali ambapo wao hawakuiona, na walipokuwa wakivuka laga moja, mto ule wa msimu ambao kwa kawaida ni mchanga mtupu, maji yalishuka yakalichukua gari. Dereva alishika mti. Ouma alipatikana kesho yake chini zaidi. Mwili uliletwa kwa ndege ndogo hadi Garissa ili uendelee Nairobi na kisha nyumbani. Sisi wafanyakazi tulipelekwa uwanja wa ndege tukapangwa mstari mmoja. Kaka yake, Okoth, alikuwa amekuja kuupokea. Alipita akitushika mikono mmoja mmoja, meneja, mhasibu, fundi Hussein, mimi, mlinzi. Kwangu alisema maneno yale yale aliyowaambia wengine: "Asante kwa kufanya kazi na yeye." Nikasema, "Pole sana." Mkono wake ulifanana na wa Ouma kiasi kwamba niliuachia haraka. Kisha wakafunga mlango wa ndege. Meneja akatazama saa, si kwa ubaya, akasema turudi kazini kwa sababu kukaa tu nyumbani kungetuumiza zaidi.

Nilirudi kazini. Jioni nilikwenda chumbani kwangu, nikalala juu ya blanketi na viatu miguuni. Ukuta uliotenganisha chumba changu na jiko ulikuwa wa mabati matupu, na kila kilichosemwa kule nilikisikia. Majirani walikuja kuuliza mbona Mama Sahra amefunga hoteli mapema. Nilikuwa nimejifunza maneno machache ya Kisomali, ya sokoni na ya salamu, na sikutarajia kuelewa. Lakini nilimsikia akisema, polepole, kwa sauti iliyochoka: "Ninkeedii baa dhintay." Mume wake amekufa. Wanawake wakaanza kusema maneno ya kumrudishia Mungu kilicho chake. Walikuwa wanazungumza kunihusu mimi. Mahali pengine popote duniani nilikuwa mfanyakazi mwenzake. Nyuma ya bati lile nilikuwa mjane. Hapo ndipo nililia. Mama Sahra aliingia bila kubisha, akaketi kitandani, akanivua viatu. Hakunipa mawaidha. "Bole," alisema. "Bole, abaayo. Lia. Kesho wewe nakula." Kwa wiki nyingi alifanya hivyo hivyo: aliniletea anjera, ile mikate laini ya unga uliochachuka, na chai ya maziwa ya ngamia asubuhi, akasimama mlangoni mpaka nimalize, akigombana nami juu ya kila kipande. Sahra, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa shule, alikaa nami jioni akifanya hesabu zake, kwa amri ya mama yake, ili nisibaki peke yangu na ukuta.

Karakana haikuweza kungoja. Watu walikuwa wamepimwa, mabomba yalikuwepo, mafundi walikuwa wamekaa bure. Kisha akaja Dahabo. Alitoka Kotile, mwanamke wa umri wangu, amebebwa mgongoni na kaka yake kutoka lori hadi mlangoni petu, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Mimi nimechoka na mgongo ya huyu. Anatoa jasho kama punda. Nipe baiskeli." Alikuwa akiuza maziwa, lakini kila siku alisubiri mtu wa kumbeba hadi njiani, na wateja hawasubiri. Kaka yake alikuwa anahamia Masalani na mifugo mara tu barabara itakapokauka. Baada ya hapo hakungekuwa na mgongo wa kumbeba. Mikono yake ilikuwa na nguvu lakini mifupi. Baiskeli yoyote tuliyokuwa nayo tayari ilimlazimisha kuinama mbele mpaka kifua kikamuuma. Nilimpima, begani mpaka ngumini, nikaenda kwenye chumba kile, nikaondoa shuka kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza tangu Ouma alipoondoka.

Niliandika urefu wa mkono wa Dahabo. Hakuna kilichobadilika. Mpini ulibaki mbali pale pale. Nikajaribu kuandika umbali wa mpini wenyewe, ukakataa. Ulikuwa na alama nyekundu. Nikasema sawa, kuna mlinganyo, nitamtafuta anayeuamuru. Nikabonyeza mchoro ujijenge upya ili nione, na baiskeli nzima ikakua kidogo. Nikabonyeza tena bila kugusa kitu, ikakua tena. Nilibonyeza mara kadhaa nikitazama magurudumu yakivimba na kiti kikipanda, vyenyewe, kama kitu kilicho hai ambacho hakijui pa kusimama. Nilizima mashine nikatoka nje. Hussein aliniuliza kama ni umeme. Nikamwambia ndiyo, ni umeme.

Kwa siku kadhaa niliondoa vipande kimoja kimoja, cheni, ekseli, mgongo wa kiti, nikiangalia kama tatizo linabaki. Lilibaki. Mwishowe nilichukua karatasi nikaandika kila mlinganyo kwa mkono, na mishale kutoka kwa kinachoamuru kwenda kwa kinachosikiliza. Zamani mkono uliamuru mpini, mpini ukaamuru kimo cha kiti, kiti kikaamuru gurudumu. Mishale hiyo ilikuwepo bado, isipokuwa wa kwanza. Mahali pake palikuwa na mlinganyo mpya: gurudumu linaamuru mpini. Nikafuata kwa kidole: gurudumu, mpini, kiti, gurudumu. Duara. Kila kimoja kilikuwa kikingoja kuambiwa na mwenzake, na kila walipozunguka waliongezeana kidogo. Mkono wa mtu ulikuwa umeachwa nje, hakuna aliyeusikiliza tena. Niliitazama karatasi ile, nikaelewa. Halikuwa kosa. Ouma alijua kabisa anachofanya: angeandika ule mmoja, kisha angeuondoa ule wa kiti kuamuru gurudumu, na kazi ingekaa sawa. Alikuwa amemaliza hatua ya kwanza wakati dereva alipopiga honi.

Njia ya kumsaidia Dahabo ilikuwa rahisi sasa. Kufuta mlinganyo ule mpya, kurudisha mkono mahali pake, basi. Ingechukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Lakini ule ndio uliokuwa kitu cha mwisho alichoandika duniani. Niliuteua, ukawa na rangi ya buluu kwenye skrini, nikakaa nao. Kulikuwa na joto la mchana, feni ikizungusha hewa ile ile, na upande wa pili wa mbao mtu akigonga chuma. Niliwaza kuugeuza mchoro wote ufuate nia yake, uanzie kwenye gurudumu, ili angalau wazo lake limalizike. Nilijaribu hata. Lakini ningemaliza wazo la Ouma, na Dahabo angerudi Kotile na baiskeli ya watu wa mchangani ambayo mikono yake haifiki. Nikahifadhi nakala kwenye diski, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya kabla ya kufuta, na pia kwa sababu nilikuwa na moyo dhaifu. Kisha nikafuta. Nikaandika: umbali wa mpini unatokana na mkono. Nikabonyeza, mchoro ukajijenga, mpini ukasogea karibu, kiti kikashuka, magurudumu yakapungua. Nikabonyeza tena, na mara hii havikusogea. Vilikaa kimya. Ukimya ule niliutaka kwa siku nyingi, na ulipokuja sikuweza kuuvumilia, nikainamia meza. Diski yenyewe iliharibika kwa vumbi kabla ya mwaka kwisha.

Dahabo alikuja kuichukua baiskeli kukiwa kumekauka. Aliketi, akanyoosha mikono, akashika mpini bila kuinama, akazunguka banda lote, akagonga pipa, akacheka, akarudi kusimama mbele yangu akihema. "Nani amechora hii?"

"Mimi na mwenzangu," nikasema.

"Mwenzako yuko wapi nimwambie asante?"

"Alifariki. Maji yalimchukua njia ya El Wak."

Akasema maneno ya dua. Kisha akanitazama usoni, na hakuona haya kuuliza: "Alikuwa mwenzako wa kazi, ama alikuwa wako?"

Mafundi walikuwa wamesimama pale. Meneja alikuwa mlangoni. "Alikuwa wangu," nikasema. "Tungeoana." Hussein alivua miwani yake ya kuchomelea, akaiweka chini, akaja akasimama kando yangu. Dahabo alinishika mkono, akaubana kwa kiganja kile kigumu, akaniambia, "Basi mimi natembea kwa mkono yangu, na mkono ya wewe, na ya yeye." Kisha akamwita kaka yake waende, kwa sababu lori lilikuwa linangoja, na yeye hakutaka kubebwa hadi kwenye lori.

Kwa hiyo Okoth alipokuja mwishoni mwa mwaka kuchukua vitu vya ndugu yake, redio, nguo, godoro, meneja hakumkabidhi vitu hivyo tu. Alimleta ofisini kwangu, akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa mchumba wake," akatuachia chumba. Okoth aliketi kwenye kiti cha Ouma. "Nilikushika mkono pale kwenye ndege," alisema.

"Ndiyo."

"Hukuniambia kitu."

"Ningekuambia nini, na watu wote wale?"

Akapangusa uso. "Tulimzika kama mtu ambaye hakuwa na mtu. Hilo ndilo linalomuua mama. Utakuja?"

Nilikwenda Desemba, mwezi ule ule niliopanga na Ouma. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza samaki ufuoni, na hakulia aliponiona, wala hakunikumbatia. Alinipeleka kaburini, akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza. Kisha akaniketisha jikoni kwake, akavuta kigoda karibu mpaka magoti yetu yakagusana, akaanza kuuliza. Alikuwa anakula samaki kule? Nikamwambia kambare tu wa mto, na alimchukia, alisema ana ladha ya matope. Alikuwa analala ndani ya neti? Ndiyo, ingawa ilikuwa na tundu, na aliliziba kwa kipande cha soksi. Nani alikuwa anamfulia? Alijifulia, Jumapili, akipiga mluzi, na mashati aliyaanika yakiwa yamegeuzwa ili rangi isichujuke. Aliumwa? Malaria mara moja. Nani alimuuguza? Mimi, na mwenye nyumba wangu. Alikuwa anacheka? Nikamwambia alivyokuwa akicheka. Nilimweleza kila nilichokijua, mpaka jua likaondoka mlangoni, mpaka nikafika asubuhi ya honi, na tulivyopeana mikono, na hapo nikawa sina kingine.

Mama yake Ouma aliweka kuni nyingine jikoni, akazipuliza mpaka zikashika.

"Anza tena," akasema. "Siku ile umemwona ya kwanza. Pole pole."